Nachekwa kwa Kiingereza, naambiwa nina maringo

SWALI

Mwalimu, shikamoo.

Mimi ni mwanamke wa miaka 27, mwenyeji wa Lamu, mtaa wa Langoni. Mwaka jana wavuvi wa kwetu walinichagua kuwa katibu wa BMU, kile kikundi cha kusimamia ufuo na uvuvi. Walinichagua kwa kuwa nimemaliza kidato cha nne na Kiingereza nilifaulu vizuri. Kazi yenyewe naipenda. Kuandika kumbukumbu za mikutano, kutunza daftari la vyombo, kufuatana na wazee hadi Mokowe kuonana na maafisa, yote hayo hayanishindi.

Yanayonishinda ni makaratasi. Barua zinazotujia zimejaa maneno ambayo shuleni sikuyapata hata kwa kusikia: 'inter alia', 'vis-à-vis', 'mutatis mutandis'. Nilipouliza nikaambiwa hayo si Kiingereza hasa, mengine ni Kilatini na mengine Kifaransa. Basi mtu asome lugha tatu ndipo aelewe barua moja?

Nilinunua kitabu Mombasa cha maneno elfu moja ya Kiingereza cha juu. Kila usiku baada ya Isha nakariri ukurasa. Nimejua 'perspicacious', nimejua 'ubiquitous', nimejua 'sesquipedalian'. Kukicha, mengi yamekwisha kunitoka. Yale yanayobaki nayatia kwenye kumbukumbu na barua zetu, ili wanaotuandikia wajue na sisi tuna msomi.

Mwezi uliopita tulikutana na mkandarasi mmoja ambaye vyombo vyake viliwararulia wavuvi wetu nyavu na kuwavunjia madema, mitego yao ya samaki. Wazee wakaniambia niisome barua yake kwa sauti. Nilikwenda vizuri mpaka nilipofika 'in lieu of', nikaitamka kama ilivyoandikwa, li-e-u. Kijana mmoja wa upande wao, rika langu, akacheka. Akamnong'oneza mwenzake, wakacheka wote wawili. Kisha akanirudia neno lenyewe polepole mbele ya kila mtu, kama anayemsomesha mtoto juzuu. Sikuweza kuendelea. Nilimpa mwenyekiti karatasi nikakaa.

Nilidhani kwa watu wangu nitapata wa kunituliza. Jioni ami yangu, nahodha wa siku nyingi, alinikuta barazani akaniambia watu wakisikia: "Tumekutagua utusomee, si ututilie Kizungu." Wazee wenzake wote wakaitikia. Sasa kwa wale mimi sijui kitu, na kwa hawa mimi nina maringo.

Nakunukulia sentensi yenyewe uone ninachopambana nacho: "The Company shall, without prejudice, make an ex gratia payment, pro rata, to all bona fide fishers, in lieu of damaged gear and in full and final settlement of all claims, present and future." Nimepigia mstari 'ex gratia', 'pro rata', 'bona fide' na 'in lieu'. Mengine nayajua.

Nifanyeje, Mwalimu? Nitafute kitabu kikubwa zaidi? Nijifunze Kilatini? Au nimwachie kazi hii mtu mwenye shahada? Nijibu mapema kidogo, maana Ijumaa tunatakiwa kuitia sahihi karatasi hiyo, na najua nitasomeshwa tena.

Katibu aliyetahayari, Lamu

JIBU

Marahaba, mwanangu.

Nitaanza na ile sentensi, kwa sababu wewe umeileta kama mfano wa maneno magumu, nami nikiitazama naiona ndiyo shauri lenyewe.

Manne uliyoyapigia mstari tuyamalize upesi. 'Ex gratia' ni Kilatini, maana yake kwa hisani. Anayelipa kwa hisani anasema: nakupa kwa kuwa nimependa, si kwa kuwa nadaiwa. Fidia ni jambo jingine kabisa. Fidia hulipwa mtu aliyekosewa, na ni haki yake. 'Pro rata' ni kwa kadiri, kila mtu fungu lake kulingana na kipimo fulani. Kipimo gani? Idadi ya nyavu, au mapato, au siku alizokosa kwenda baharini? Sentensi haikusema, na hilo ni swali la kuuliza mkutanoni. 'Bona fide' ni wa kweli, asiye wa kughushi. Hapo pia kuna swali: nani atakayeamua kuwa huyu ni mvuvi wa kweli na yule si wa kweli? Wakichukua daftari lenu la BMU, sawa. Wakitaka leseni peke yake, kuna mabaharia wanaovua kwa vyombo vya watu wengine, na kuna wanawake wanaokwenda mwambani kutafuta pweza, na hao wote wataambiwa si wavuvi. 'In lieu of' ni badala ya. Basi.

Sasa njoo kwenye yale unayosema unayajua.

'Without prejudice' nahisi umeisoma "bila ubaguzi", kwa sababu ndivyo neno hilo linavyofundishwa shuleni. Kwenye barua za sheria 'prejudice' ni madhara kwa haki ya mtu. Maneno hayo mawili hutiwa kwenye barua za kutafuta suluhu ili yaliyosemwa ndani yake yasije yakapelekwa mahakamani kuwa ushahidi kwamba mwandishi alikubali kosa. Kisha kuna 'in full and final settlement of all claims'. Hakuna neno hapo ambalo mtoto wa kidato cha pili halijui, na hapo ndipo palipo na uzito wote wa karatasi hiyo: mkishapokea hizo fedha, hamdai tena. Na 'present and future' inaongeza kuwa hata madhara ambayo bado hayajaonekana mmeyasamehe. Ikiwa kaskazi ijayo samaki hawakurudi mahali walipokuwa wakizaliana, au dema zikavunjwa upya kwa sababu ile ile, mtaonyeshwa sahihi zenu. Neno moja tu katika sentensi nzima linasimama upande wenu, nalo ni 'shall', kwa kuwa linamlazimisha kulipa. Lingekuwa 'may' angekuwa na hiari.

Kabla ya kustaafu nilikuwa mkalimani wa mahakama hapa Malindi. Niliyoyaona huko ni kwamba watu hawakuwa wakiangushwa na 'mutatis mutandis'. Neno kama hilo linajitangaza lenyewe. Kila mtu analiona kuwa ni geni, anauliza, anajibiwa. Walioangushwa waliangushwa na 'subject to', na 'provided that', na 'notwithstanding', na 'save'. Ukisoma 'subject to approval' haraka haraka unaona umeshapewa, kumbe umepewa kwa sharti la kuidhinishwa kwanza. 'Notwithstanding' inasema hata kama mahali pengine pameandikwa vingine, hili ndilo litakaloshika. Na 'save' si kuokoa wala kuweka akiba, ni isipokuwa. Nilimwona mtu mzima, mwenye duka lake, aliyedhani kifungu cha mkataba kinamwokoa.

Ndiyo maana hicho kitabu cha maneno elfu moja nakuomba ukifunge. Sisemi ni kibaya. Kuna watu wanaofurahia mambo hayo, na 'sesquipedalian' ni neno la kuchekesha hasa, kwa kuwa lilitoka kwa mshairi wa Kirumi Horace akiyasema maneno yenye urefu wa futi moja na nusu. Lakini utaishi miaka na miaka bila kuletewa barua yenye neno hilo. Mwaka 1953 mwalimu wa Kiingereza, Michael West, alitoa orodha ya maneno ya Kiingereza yanayotumika zaidi, kama 2,000 hivi, na hayo mtu aliyemaliza kidato cha nne vizuri anayo. Mwaka 2000 mtaalamu wa New Zealand, Averil Coxhead, alipekua maandishi ya kitaaluma akauliza: baada ya yale 2,000, ni yapi yanayorudi tena na tena katika fani zote? Akapata jamii 570 za maneno, na hizo peke yake zinachukua takriban asilimia 10 ya maandishi ya namna hiyo. Humo hukuti 'perspicacious'. Unakuta 'assess', 'impact', 'policy', 'consult', 'compensate'. Ni maneno makavu, hayana sifa barazani, lakini ndiyo yanayoandika ripoti za mazingira zinazohusu bahari yenu. Orodha hiyo inapatikana bure mtandaoni. Ipitie, utaona mengi unayajua nusu nusu, na kujua nusu nusu ndiko kunakotia watu sahihi.

Nikupe mifano miwili ya kujua nusu. 'Mitigation' katika ripoti hizo ni kupunguza madhara. Haiahidi kuyaondoa. Mtu akikusomea kuwa athari zote zitakuwa 'mitigated', uliza zitapunguzwa kwa kiasi gani, na kitakachobaki atakibeba nani. 'Baseline' ni hali ya mwanzo kabla mradi haujagusa kitu: samaki walikuwa wangapi, mikoko ilikuwa wapi, mvuvi alikuwa akipata nini. Ikiandikwa chini ya ukweli, hasara yenu yote itaonekana ndogo, kwa kuwa hasara hupimwa kuanzia hapo. Daftari lako la vyombo na mavuno ni ushahidi dhidi ya 'baseline' mbovu. Litunze kuliko kitabu cha Mombasa.

Umesema maneno yanakutoka kukicha. Hayo si maradhi yako. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alijipima mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana, akatoa matokeo yake mwaka 1885: tunachokariri hutoka kwa kasi sana mwanzoni, kisha kasi inapungua, na marudio yaliyotawanywa katika siku kadhaa hushika kuliko yaliyorundikwa katika usiku mmoja. Wewe unarundika. Isitoshe, unakariri neno likiwa peke yake, halina jamaa.

Fanya hivi. Barua ikija, usitafute neno. Chukua sentensi nzima uiandike kwenye daftari, chini yake uiandike kwa Kiswahili ambacho ami yako angekielewa bila kukuuliza. Ukishindwa kuiandika kwa Kiswahili hicho, basi hujaielewa, hata kama kila neno umelipata kwenye kamusi. Irudie kesho, kisha baada ya siku tatu, kisha wiki, kisha mwezi. Na uangalie neno linatembea na nani. Kwa Kiswahili tunapiga pasi, tunapiga mswaki, tunapiga mbizi. Mgeni akisema "nafanya pasi" tunamwelewa lakini tunajua ni mgeni. Kiingereza nacho ni hivyo hivyo: dai huwa ni 'lodge a claim', hasara ni 'incur a loss', gharama ni 'bear the cost'. Mtu anayeandika hivyo huonekana amesoma bila kutupa hata neno moja la futi moja na nusu. Halafu barua zako ziwe fupi. Wanaoandikiwa barua nyingi humpenda anayesema anachotaka katika mstari wa kwanza.

Kuhusu Kilatini na Kifaransa: hapana, huna haja. Ni vyema tu ujue vilifikaje huko, kwa sababu kisa chenyewe kitakupa nguvu. Mwaka 1066 William wa Normandy aliiteka Uingereza, na kwa muda mrefu baadaye wenye mamlaka walisema Kifaransa, na kanisa na kumbukumbu za serikali zikaandikwa Kilatini. Mkulima wa Kiingereza akishtakiwa, kesi yake iliendeshwa kwa lugha asiyoijua. Malalamiko yalikuwa mengi hata mwaka 1362 ikapitishwa sheria kwamba kesi zisemwe kwa Kiingereza, kwa kuwa watu hawaelewi Kifaransa. Sheria hiyo yenyewe, ucheke kidogo, iliandikwa kwa Kifaransa. Kilatini kiliendelea katika kumbukumbu za mahakama mpaka mwaka 1733. Kwa hiyo hao Waingereza, ambao leo unaogopa lugha yao, walikaa karne kadhaa katika hali uliyokuwa nayo wewe mkutanoni, wakisomewa mambo yao wenyewe wasiyaelewe.

Maneno yaliyobaki kutoka zama hizo, kwenye barua za kazi yako, hayazidi kurasa mbili za daftari. Mbali na uliyonayo, andika 'inter alia', miongoni mwa mengine, yaani orodha unayosomewa haijakamilika. 'Ad hoc', ya shughuli hiyo moja tu, kama kamati. 'Ex officio', kwa wadhifa, kama Spika alivyo mbunge katika Katiba yetu bila kupigiwa kura ya jimbo. 'Per annum', kwa mwaka. 'Vis-à-vis', kuhusiana na, au ukilinganisha na. 'Force majeure', nguvu isiyozuilika, kifungu ambacho mkandarasi hukikimbilia akitaka kusema ni tufani iliyofanya, si yeye. 'Mutatis mutandis' ni kwa kubadilisha panapohitajika: masharti ya mkataba ule yatumike na hapa, majina na tarehe zikibadilishwa. Utakutana pia na maneno mawili mawili, 'null and void', 'terms and conditions', 'will and testament'. Usihangaike kutafuta tofauti. Mengi ya aina hiyo ni tabia ya mawakili wa zamani ya kuliweka neno kando ya mwenzake, wakati mwingine la lugha nyingine, na mara nyingi yote mawili ni kitu kimoja.

Mizizi inasaidia, ila kwa tahadhari. Ukijua 'mar-' ni bahari, basi 'marine', 'maritime', 'submarine' na 'mariculture' unayapata kwa mkupuo. Lakini kuna mitego. Kwenye mitungi ya mafuta ya mashine za boti utasoma 'inflammable'. Anayefikiri kuwa 'in-' ni kukanusha ataisoma "haishiki moto", na maana yake ni kwamba inashika moto upesi. 'Invaluable' vilevile: si kisicho na thamani, bali ambacho thamani yake haikadiriki.

Yule kijana aliyecheka nampa mistari michache tu. 'Lieu' ni neno la Kifaransa lililobaki na tahajia yake ndani ya kinywa cha Kiingereza. Hutamkwa "lyuu", au "luu". Mtu asiyelisikia hawezi kulijua kwa kulitazama, awe na shahada au asiwe nayo. Kwa kuwa unaishi bandarini, jua pia kwamba 'quay' hutamkwa "kii", na 'buoy', boya letu, Waingereza huliita "boi" na Wamarekani "buui". 'Bona fide' wengine husema "bona faidi", wengine "bona fide" kama ilivyoandikwa, na wote husimama mbele ya mahakimu. Kamusi za mtandaoni za Oxford na Cambridge zina alama ya spika. Ibonyeze, sikiliza, sema kwa sauti, maliza. Ni bure. Kilichonichukiza mimi si kicheko. Ni kwamba kijana huyo alipata nafasi ya kukueleza maana ya 'ex gratia' mbele ya wenye nyavu zilizoraruka, akachagua kukufundisha matamshi.

Ami yako sasa. Amekosea mahali pa kukusemea. Jambo la ndani husemwa ndani. Katika neno lenyewe, hata hivyo, nipo naye. Kazi ya katibu katika mkutano ule haikuwa kuisoma barua ya Kiingereza kwa sauti mbele ya wazee wasiosema Kiingereza. Hiyo ungeisoma nyumbani, ukaipeleka mkutanoni ikiwa ya Kiswahili. Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 kimekifanya Kiswahili lugha ya taifa, na pamoja na Kiingereza kuwa lugha rasmi. Hakisemi kila kampuni ikuandikie Kiswahili, lakini kinakupa pa kusimama unapoomba nakala ya Kiswahili na mkalimani. Na Lamu si mahali pa kuona haya kuomba hivyo. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamuru wavuvi wa Lamu wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa madhara ya mradi wa bandari; ilikuwa fidia, mwanangu, haikuwa hisani. Mwaka uliofuata, Juni 2019, Jopo la Kitaifa la Mazingira lilifuta leseni ya mtambo wa makaa ya mawe huko kwenu, na sababu mojawapo kubwa ilikuwa kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Watu wasioelewa wanachosomewa hawajashirikishwa.

Wazee wenyewe watakusaidia kutafsiri kuliko unavyodhani. Marehemu Ahmed Sheikh Nabhany, mzaliwa wa Lamu, alikuwa na kawaida ya kuchimbua msamiati mkongwe wa lahaja zetu ili kuvipa majina vitu vipya. 'Runinga' ni mojawapo ya aliyotuachia. Ukikwama, muulize ami yako manahodha wa zamani walikuwa wakiliitaje sharti la namna hii walipokodisha jahazi au kugawana mavuno. Biashara ya baharini ilikuwa na mikataba kabla hatujaletewa neno 'contract', na mzee akiulizwa jambo analolijua hasemi tena kuwa una maringo. Wala usikubali kuambiwa kuwa neno geni ni aibu. Wareno walifika hapa Malindi mwaka 1498, na baada yao tukabaki na meza, leso, bendera na gereza, hakuna anayeona haya kuyasema. Waingereza nao wamechukua 'safari' kwetu, na 'monsoon' yao na msimu wetu zimetoka katika neno moja la Kiarabu. Neno geni likishaeleweka na kila aliyekaa kwenye mkutano, ni lenu.

Kuhusu kuacha kazi, sioni sababu. Mwenye shahada asiyejua dema ni nini atawaandikia 'damaged gear' akadhani amemaliza. Wewe andika: dema, jarife, mshipi, kila kimoja na bei yake na jina la mwenyewe.

Sasa Ijumaa. Msitie sahihi. Mwambie mwenyekiti aandike barua fupi, kwa Kiswahili, wewe utengeneze nakala ya Kiingereza, kwamba kikundi kimepokea pendekezo na kinahitaji muda wa kulijadili. Humo muulize 'pro rata' ni kwa kipimo gani, na 'bona fide fishers' watatambuliwa kwa orodha ipi. Ombeni neno 'ex gratia' litoke na 'compensation' iingie, na kwamba maneno 'and future' yafutwe. Wanaweza kukataa, hayo ndiyo mazungumzo. Kabla ya barua hiyo kutoka, mwonyesheni wakili karatasi nzima, si sentensi moja, maana mimi nimeona sentensi moja tu na sijui kurasa nyingine zinasema nini. Kama hamna fedha za wakili, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 iliunda huduma ya kitaifa kwa wasiojiweza. Ulizeni mahakamani hapo Lamu namna ya kuifikia.

Na mkutanoni, kijana yule akianza tena kukurekebisha matamshi, mwachie amalize, kisha umwombe aeleze kwa Kiswahili, wazee wakisikiliza, 'full and final settlement' ina maana gani.